Modemu gani ipokee simu za BBS yako: ya nje, ya ndani, ya USB au ya Wi-Fi?

BBS ni kompyuta ya ujumbe, faili na michezo ambayo watu huifikia kwa kuipigia simu kwa modemu. Modemu ya mpigaji na modemu ya BBS zinaweza kutoka kiwanda kimoja, lakini kazi zao ni mbili tofauti. Ya mpigaji hupiga namba chache zinazojulikana, na ikikwama yupo mtu mbele yake wa kuizima na kuiwasha. Ya BBS hupokea simu za modemu za kila aina na kila umri, usiku na mchana, chumbani hamna mtu. Kwa hiyo unapochagua, usianze na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Anza na swali hili: simu ikikatika ghafla, je, modemu itajua kwamba imekatika, itaiarifu kompyuta, na itarudi yenyewe katika hali ya kusubiri mpigaji mwingine? Inayofeli hapo, hata ikiwa na kasi ya namna gani, itaiacha laini yako bize mpaka urudi nyumbani.

Kwa mwenye haraka: ukiwa na laini ya shaba na kompyuta yenye poti ya siriali, chukua modemu ya nje yenye kidhibiti chake ndani, ya kiwango cha V.34 (hadi 33,600 bps, yaani biti kwa sekunde) au hata V.32bis (hadi 14,400). Kompyuta yako ikiwa haina poti ya siriali, chukua ya USB yenye kidhibiti chake. Ukiwa huna laini ya simu kabisa na wapigaji wako wote watapitia intaneti, kifaa cha Wi-Fi kinachoiga modemu kitakutosha. Modemu inayotegemea kompyuta ifanye kazi ya ishara usiipe BBS, hata ukipewa bure.

Kasi: 56k haina faida upande wako

Kiwango cha V.90, kilichotoka mwaka 1998, hushusha data hadi 56,000 bps kwa sharti moja: upande wa anayepigiwa uwe umeunganishwa na mtandao wa simu kidijitali, kwa mfano kwa laini za kidijitali za ISDN au T1/E1. Hapo ishara hugeuzwa kutoka dijitali kwenda analogi mara moja tu, karibu na mpigaji. BBS iliyo kwenye laini ya kawaida ya shaba inaongeza mgeuzo wa pili, wa analogi kwenda dijitali, na mgeuzo huo ndio unaoleta kelele ambayo V.90 haiwezi kuivumilia. Modemu mbili za 56k zilizo kwenye laini mbili za analogi hushuka hadi V.34, yaani 33,600 bps kwa laini safi kabisa, na mara nyingi kati ya 24,000 na 31,200.

Kwa hiyo 56k na 33.6k ni kitu kimoja kwa BBS ya laini ya analogi. Swali la maana ni V.34 au V.32bis, na hapo jibu hutegemea kinachofanyika kwenye bodi yako, yaani BBS yako. Skrini iliyojaa ya safu 80 kwa mistari 24 ni herufi 1,920. Kwa 2400 bps, ambayo ni herufi 240 kwa sekunde, inachukua sekunde 8, na msomaji ataona maandishi yakijiandika mstari kwa mstari. Kwa 9600 inachukua sekunde 2. Kutoka hapo kwenda juu jicho halioni tofauti kubwa, maana mtu husoma polepole kuliko modemu. Kwa ujumbe na michezo ya maandishi, 14,400 inatosha kabisa.

Faili ndizo zinazobadilisha hesabu. Faili ya zipu ya megabaiti 1 huchukua karibu dakika 10 na nusu kwa 14,400 na karibu nusu ya muda huo kwa 28,800. Bodi yenye maktaba kubwa ya faili na laini moja tu itanufaika na V.34, kwa sababu kila dakika ya upakuaji ni dakika ambayo mwingine anasikia mlio wa bize.

Ya nje ya siriali dhidi ya kadi ya ndani

Hapa ndipo uamuzi mwingi ulipo. Modemu ya nje ina faida ambazo mtu huzithamini siku ya tatizo. Kwanza ni taa. CD ikiwaka wakati hakuna mpigaji, umejua tatizo ni mpangilio wa karia, yaani ishara ya modemu ya upande wa pili. TR ikiwa imezima, programu yako haijafungua poti. RD na SD, taa za data inayopokewa na inayotumwa, zikimetameta huku skrini haina kitu, shida iko kati ya poti na programu, na laini haina hatia. Kadi ya ndani haikuonyeshi lolote kati ya hayo. Pili ni swichi ya umeme: modemu iliyoganda huzimwa kwa sekunde 10 na kuwashwa, bila kuigusa kompyuta. Kadi ya ndani iliyoganda mara nyingi hulazimu kuizima kompyuta nzima, na kama bodi ina laini nne unawatupa nje wapigaji wote wanne.

Kadi ya ndani ya ISA nayo ina hoja moja yenye nguvu. Modemu ya nje hutegemea chipu ya UART, inayoendesha poti ya siriali, iliyo kwenye kompyuta, na mashine za zamani zina 8250 au 16450, ambazo huhifadhi baiti moja tu. Poti ikiwa kwenye 115,200 bps, baiti mpya hufika kila baada ya mikrosekunde 87 hivi. Kompyuta ikichelewa kidogo tu, labda inaandika kwenye diski, baiti hiyo hufutwa na inayofuata. Chipu ya 16550A ina bafa ya baiti 16, na kuchelewa huko hakuumizi tena. (Chipu ya 16550 ya awali, isiyo na A, ilikuwa na kasoro kwenye bafa hiyo, hivyo ihesabu kama 16450.) Kadi nyingi za ISA zenye kidhibiti zina UART yao ya aina ya 16550A. Basi kwenye mashine kongwe usiyotaka kuiongezea kadi ya poti, kadi ya ndani inaweza kushinda. Kwenye Linux utajua chipu yako kwa `setserial -g /dev/ttyS0`.

Bei ya hoja hiyo ni mgongano wa IRQ, yaani njia ambayo kifaa huiita prosesa. COM1 iko kwenye anwani 3F8 na IRQ 4, COM2 kwenye 2F8 na IRQ 3, COM3 kwenye 3E8 na IRQ 4, COM4 kwenye 2E8 na IRQ 3. Ukiiweka kadi kwenye COM3 huku kipanya cha siriali kiko COM1, vyote viwili vitagombania IRQ 4: modemu itajibu amri za AT, zile inazoandikiwa na kompyuta, vizuri, kisha itakufa kila kipanya kinapoguswa. Tiba ni kuizima COM2 kwenye BIOS na kuipa kadi anwani na IRQ za COM2, au kuihamishia kadi IRQ iliyo huru, kama 5, kwa jampa zake, kisha kuiambia namba hiyo draiva ya FOSSIL, ambayo huiunganisha BBS ya DOS na poti. Kadi za PCI zenye kidhibiti zipo, lakini anwani zake hupangwa na mashine yenyewe, na programu za DOS zinazotegemea anwani za kawaida huenda zisizione.

Modemu ya nje nayo ina mtego wake, nao ni kebo. Inahitaji kebo iliyonyooka, pini kwa pini, yenye nyaya zote 9. Kebo ya kuunganisha kompyuta na kompyuta, ambayo nyaya zake zimepishana, haitafanya kazi. Kebo yenye nyaya tatu tu itakudanganya zaidi, kwa sababu AT itajibiwa OK na utadhani kila kitu kipo sawa, kumbe pini ya 1 (DCD), ya 4 (DTR), ya 7 (RTS) na ya 8 (CTS) hazifiki popote. Bila DCD programu haijui mpigaji ameondoka. Bila DTR haiwezi kukata simu. Bila RTS na CTS, ambazo huzuia data isifurike, faili zitaharibika. Kabla ya kulaumu modemu, pima pini hizo nne kwa mita.

Modemu inayotegemea kompyuta

Hizi ni kadi, au vifaa vya kompyuta za mkononi, visivyo na kidhibiti. Draiva ndiyo inayofanya hesabu za ishara kwa prosesa ya kompyuta. Kwa DOS hazifanyi kazi kabisa. Kwa Linux chache zilipata draiva, kama zile za Lucent na SmartLink, na draiva hizo zimefungwa kwenye matoleo ya zamani ya kerneli. Hata pale zinapofanya kazi, prosesa ikizidiwa kwa muda mfupi, ishara kwenye laini inakatika na simu inaanguka. Kwa mpigaji ni kero ndogo. Kwa BBS ambayo kompyuta hiyohiyo inapanga ujumbe na kufungua zipu wakati mpigaji yuko hewani, ni mwaliko wa matatizo. Ziache.

USB: angalia kidhibiti, kisha angalia DCD

Modemu za USB ni makundi mawili yanayofanana kwa sura. Moja lina kidhibiti ndani na hujitambulisha kama kifaa cha kawaida cha mawasiliano. Linux huipa jina `/dev/ttyACM0` bila draiva ya ziada. USR5637 ni mfano unaojulikana. Kundi la pili ni modemu tegemezi iliyovalishwa plagi ya USB. Kipimo rahisi: ichomeke kwenye mashine ya Linux na uangalie `dmesg`. Ikitokea ttyACM, unaweza kuendelea.

Njia nyingine ni modemu ya nje ya siriali pamoja na kigeuzi cha USB kwenda siriali. Hapa shida ni vigeuzi vya bei ya chini vinavyobeba TX, RX, RTS na CTS pekee. DCD na DTR hazipo, na umerudi kwenye tatizo la kebo ya nyaya tatu. Tafuta kigeuzi kinachotaja ishara zote za modemu. Kati ya njia hizi mbili, modemu ya siriali na kigeuzi kizuri ndiyo tunayoipendelea: taa unabaki nazo, swichi ya umeme unabaki nayo, na kigeuzi kikiharibika hubadilishi modemu.

Wi-Fi: modemu isiyo na simu

Kifaa hiki kwa kawaida hujengwa juu ya chipu ya ESP8266. Huelewa amri za AT, lakini badala ya namba ya simu unaandika anwani ya mtandao, kwa mfano `ATDT` ikifuatwa na jina la mashine na namba ya poti. Kwa BBS iliyo kwenye kompyuta kongwe isiyo na kadi ya mtandao, ndiyo njia nyepesi ya kuifikisha kwa wapigaji wa telnet, wanaopitia intaneti. Hakina kelele za laini, hakisubiri modemu mbili zisalimiane, hakina gharama ya simu. Kompyuta yenye Linux inaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa programu ya tcpser na kebo ya siriali.

Mambo matatu ya kukagua. Chipu hiyo ni ya volti 3.3, hivyo kati yake na poti ya siriali (RS-232) lazima kuwe na chipu ya kubadilisha volti kama MAX3232. Ukiiunganisha moja kwa moja utaiunguza. La pili, vifaa vingi vilivyo tayari havijaunganisha DTR wala DCD, na BBS ya DOS bila pini hizo haijui mpigaji ameondoka. La tatu ni baiti ya 255. Katika telnet baiti hiyo ni alama ya amri, na inapokuwa sehemu ya data hutumwa mara mbili. Upande mmoja ukifuata kanuni hiyo na mwingine usiifuate, maandishi yatapita vizuri lakini ZMODEM, njia ya kutuma faili, itakwama kwenye faili zenye baiti hiyo, na karibu kila zipu inazo. Ukiona maandishi ni safi na faili zinafeli mahali palepale kila mara, tafuta amri ya kuwasha au kuzima tafsiri ya telnet kwenye kifaa chako.

Kwa anayetaka hasa simu halisi, na sauti ya modemu mbili zikisalimiana, hiki si mbadala. Kwa anayetaka bodi yake ifikiwe, kinafaa kuliko vyote.

Familia mbili za amri, na herufi zinazogongana

Amri za AT zilianza na Hayes Smartmodem mwaka 1981, na za msingi zinafanana kila mahali. Zenye alama ya & mbele ndizo zinazotofautiana, na kunakili mfuatano wa modemu moja kwenda nyingine ni chanzo cha matatizo mengi kuliko laini mbovu. Familia mbili utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

| Kazi | USRobotics | Rockwell / Conexant |
|---|---|---|
| Kurudi mpangilio wa kiwandani | &F1 | &F |
| Udhibiti wa mtiririko kwa RTS/CTS | &H1&R2 | &K3 |
| Usahihishaji wa makosa ukipatikana | &M4 | \N3 |
| Ubanaji wa data | &K1 | %C3 |
| Kasi ya poti isibadilike na simu | &B1 | ya kawaida |
| Ujumbe wa CONNECT utaje kasi ya laini | &A3 | W2 |
| Kujirejesha DTR inaposhuka | S13=1 | &D3 |

Itazame &K3. Kwa Rockwell inawasha RTS/CTS, jambo usiloweza kuliacha. Kwa USRobotics inachagua aina ya ubanaji wa data na haigusi mtiririko kabisa. Aliyenakili atapata modemu inayounganika vizuri na kuharibu kila faili inayozidi ukubwa wa bafa.

Mfuatano wa kuanzia kwa USRobotics:

`AT&F1E0&A3&B1&H1&R2&M4&K1&C1&D2X4S0=0S2=255S13=1&W`

Na kwa Rockwell au Conexant:

`AT&FE0W2&K3\N3%C3&C1&D3X4S0=0S2=255&W`

&C1 huifanya DCD ifuate karia ya kweli. &C0 huiwasha wakati wote, na programu itadhani kuna mpigaji milele. &D2 hukata simu DTR inaposhuka; &D3 hukata na kurejesha mpangilio uliohifadhiwa, hivyo kila mpigaji anaikuta modemu ilivyo. S2=255 huzima alama ya +++, ile ya kuitoa modemu kwenye simu na kuirudisha kwenye amri. Hilo lina sababu: Hayes ilikuwa na hataza ya ule muda wa kimya unaozunguka +++, na baadhi ya watengenezaji waliukwepa kwa kutosubiri kimya chochote. Modemu ya namna hiyo, ikipitisha ujumbe ulioandikwa ndani yake +++ATH, inaweza kukata simu katikati ya kusoma. BBS inakata kwa DTR, haihitaji +++, basi izime. Ila kwa kifaa cha Wi-Fi kisicho na DTR, +++ ndiyo njia pekee ya kukata, na hapo S2 ibaki 43, msimbo wa alama ya +.

Kasi ya poti uifunge juu ya kasi ya laini, ili ubanaji wa data uwe na nafasi: 57,600 kwa modemu ya V.32bis, 115,200 kwa V.34. Ubanaji wa V.42bis unaweza kufika mara nne kwa maandishi matupu. Kwa zipu hauongezi chochote. Usitumie XON/XOFF kwenye BBS. Herufi zake mbili, 11 na 13 za heksadesimali, hutokea ndani ya faili na modemu huzichukua kama amri ya kuendelea au kusimama.

Modemu za nje za USRobotics zina pia swichi ndogo. Kwenye Sportster yenye swichi 8, mpangilio wa kiwandani ni 3, 5 na 8 chini, zilizobaki juu, na unaifaa BBS karibu ulivyo. La kuhakikisha ni kwamba ya 1 iko juu, ili DTR iheshimiwe, na ya 6 iko juu, ili DCD iseme kweli. Modemu iliyonunuliwa kwa mtu mara nyingi ina mojawapo chini, na hakuna amri itakayokuonyesha kwa nini mfuatano wako wote ni sahihi na bado simu hazikatiki.

Nani apokee: modemu au programu?

S0=1 huiambia modemu ipokee yenyewe baada ya mlio wa kwanza. S0=0 huifanya itume neno RING tu na kusubiri programu itume ATA. Ya kwanza ni rahisi kupanga. Ya pili ndiyo tunayoishauri, na mfuatano hapo juu umeiandika hivyo. Sababu ni moja: BBS ikianguka usiku, modemu yenye S0=1 inaweza kuendelea kupokea simu na kumsalimia kila mpigaji kwa wimbi safi, kisha kimya. Mpigaji analipia simu isiyompa chochote. Kwa S0=0, programu iliyokufa haitumi ATA na simu inaita bila kupokewa, kama inavyostahili. Programu ya mgetty kwenye Linux inafanya kazi kwa njia hii. Ukitumia kitambulisho cha mpigaji, iambie programu isubiri mlio wa pili, kwa sababu katika nchi nyingi namba hutumwa kati ya mlio wa kwanza na wa pili.

Laini: shaba dhidi ya VoIP

Modemu bora haiwezi kuokoa laini isiyofaa, na leo laini nyingi zinazoitwa za simu ni kisanduku cha VoIP, yaani simu kupitia intaneti, kilichochomekwa kwenye ruta. Shaba ikipatikana, ichague. VoIP inawezekana, kwa masharti.

Kodeki, yaani namna ya kugeuza sauti kuwa data, iwe G.711 pekee, bila ruhusa ya kushuka kwenda nyingine. Kodeki zinazobana sauti zimeundwa kwa sauti ya mtu, na ishara ya modemu hazijui. Zima kiondoa mwangwi. Zima kipengele cha kuacha kutuma pakiti wakati wa kimya. Zima T.38, ambayo ni ya faksi. Bafa inayosawazisha uchelewaji wa pakiti ifanye iwe ya ukubwa usiobadilika, kwa sababu kila inapojipanua au kujikunja huongeza au kuondoa kipande cha sauti, na modemu ya V.34 huchukulia hilo kama laini iliyoruka.

Hata baada ya hayo, V.34 juu ya VoIP huunganika kisha huanguka baada ya dakika chache, kwa sababu saa za pande mbili hazilingani kikamilifu. Dawa ni kushusha kasi kwa makusudi. Kwa Rockwell ya zamani, `AT+MS=10` huchagua V.32bis; kwa Conexant mpya ni `AT+MS=V32B`. Kwa USRobotics tahadhari: &N8 peke yake hufunga simu kwenye 14,400 tu na kumfukuza mwenye modemu ya 2400. Kwenye matoleo yenye amri ya &U, ukiweka &U kama sakafu, &N hugeuka kuwa dari, na hiyo ndiyo unayoitaka. BBS ya VoIP inayokaa 9600 usiku kucha ina thamani kuliko inayosifiwa 31,200 na kuanguka katikati ya faili.

Kwa shaba, ukaguzi ni wa sikio. Inua simu ya kawaida, bonyeza tarakimu moja mlio wa laini uishe, sikiliza. Ukisikia mikwaruzo au mvumo, ondoa vifaa vyote kwenye laini na urudie. Laini ikibeba pia intaneti ya DSL, modemu lazima ipitie kichujio. Huduma ya simu inayosubiri iondolewe kabisa kwenye laini ya BBS, kwa kuwa mlio wake huvunja karia, na anayepokea hawezi kuizima kwa tarakimu kama apigaye.

Jaribu mezani kabla ya kulaumu laini

Chukua modemu mbili na uziunganishe kwa waya wa simu, bila laini. Kwenye moja andika `ATX1D`, ili ipige bila kusubiri mlio wa laini. Kwenye nyingine `ATA`. Nyingi zitaunganika. Zinazokataa huhitaji umeme mdogo wa laini, na betri ya volti 9 pamoja na kipingamizi cha ohmu 300 hivi, vikiunganishwa kwa msururu kwenye waya mmoja kati ya ile miwili, huwa inatosha. Ikifaulu mezani na kufeli kwenye laini, laini ndiyo tatizo. Ikifeli mezani, laini haihusiki.

Jaribio hili litumie kwa dalili zote. Herufi za ajabu baada ya CONNECT: kama ujumbe wa CONNECT hauna neno ARQ au LAPM, hakuna usahihishaji wa makosa, na kelele inapita moja kwa moja; kama unalo, programu inabadilisha kasi ya poti kufuata CONNECT wakati imefungwa, hivyo iambie iache. ZMODEM inaripoti makosa ya CRC (ukaguzi wa data) ingawa laini ina usahihishaji: baiti zinapotea kati ya modemu na kompyuta, angalia RTS/CTS kisha UART. Modemu inapokea lakini wapigaji wenye modemu za zamani za 2400 hawaungani: salamu za V.34 ni ndefu na wao wanakata tamaa mapema, waambie waongeze S7 hadi 60, nawe hakikisha yako haijapungua hapo. Wapigaji wa kasi ndogo wanakatika kila laini inapokwaruza kidogo: S10 huhesabu sehemu za kumi za sekunde kabla ya kukata, ipandishe hadi 30. Usiweke 255, maana kwa modemu nyingi inamaanisha kutojali karia kabisa.

Na simu isiyokatika mpigaji anapotoka: andika ATDT kwenda laini nyingine, unganika, kisha ifunge programu. Taa ya TR, inayoonyesha DTR, ikizima na OH, inayoonyesha laini iko wazi, ikibaki inawaka, modemu inapuuza DTR, rudi kwenye &D au swichi ya 1. TR isipozima, programu au kebo ndiyo haishushi DTR. Kwenye modemu zenye S25, kumbuka kwamba huhesabu sehemu za mia za sekunde. Mtu akiwa ameipandisha sana, DTR inayoshuka kwa nusu sekunde haitaonekana. Irudishe 5. Kwa USRobotics, baada ya simu iliyoanguka, `ATI6` itakupa sababu ya kukatika, na tofauti kati ya simu iliyokatwa na DTR na iliyokufa kwa kupoteza karia itakuonyesha ni upande upi wa modemu wa kuanza kushughulikia.